Mfalme Aliyevaa Kofia Pana

Tuseme, msomaji, umepewa karatasi ngumu 52, nyeupe pande zote mbili, ukaambiwa uzifanye jozi ya karata zenye sura ya Magharibi ya Marekani: ile nchi ya wachunga ng'ombe, ya farasi na bastola, ya miji ya mbao iliyochipuka penye dhahabu na kutoweka dhahabu ilipokwisha. Jambo hili si ndoto. Siku hizi wako watu wengi, hasa huko Marekani na Ulaya, ambao huchora jozi zao wenyewe na kuzipeleka kwa wapiga chapa, na Magharibi ni miongoni mwa mambo wanayopenda sana kuyachora. Kalamu yako, nadhani, haitakawia. Mfalme utamvika kofia pana na nyota ya sherifu kifuani. Malkia utamfanya mwanamke wa klabu ya pombe, mwenye manyoya kichwani. Ghulamu atakuwa jambazi aliyejifunika uso kwa kitambaa. Mahali pa shupaza utatia kiatu cha farasi, mahali pa uru utatia risasi, na karatasi nzima utaipaka rangi ya chai ili ionekane kuukuu. Kabla jua halijatua utakuwa umemaliza, na wenzako watasema ni nzuri.

Mimi nasema si nzuri, na nitakuonyesha sababu zangu.

Karata si picha ya kutundikwa ukutani. Ni chombo cha kazi, na kazi yake ni mchezo. Karata ya poka ina upana wa milimita 63 na urefu wa milimita 88. Mchezaji huzishika tano, au saba, au kumi na tatu, akizitandaza mkononi kama upepeo, hata zile zilizo nyuma hazionekani ila kipande chembamba kisichozidi upana wa kidole. Asomacho yeye ni ile pembe tu. Picha yako nzuri ya jambazi, uliyoipigania usiku kucha, imelala chini ya karata nyingine ambapo hapana aionaye. Ndiyo maana wapiga chapa wa Marekani, katika miaka ya 1860 na 1870, walianza kutia namba na alama ndogo pembeni mwa karata. Kabla ya hapo mtu alilazimika kuzifunua karata zake zote na kuhesabu alama zilizo katikati. Hapa mchoraji mwenye kupenda ukweli wa historia hujikwaa. Maana karata zilizochezwa na wachimba dhahabu wa California mwaka 1849 hazikuwa na alama za pembeni, nazo pembe zao zilikuwa kali, hazikuviringwa. Akizichora hivyo atakuwa mkweli, lakini wachezaji wa leo watamlaani. Mimi nipo upande wa wachezaji. Tia alama pembeni, uzitie ndogo, wala usione haya.

Na zile aina nne, usiziguse kwa pupa. Wafaransa walipozibuni, yapata mwaka 1480, walichagua maumbo manne mepesi kabisa, mawili mekundu na mawili meusi, yanayoweza kupakwa rangi kwa kipande cha karatasi kilichotobolewa. Kwa sababu ya wepesi huo yalienea duniani kuliko mengine yote. Jicho huitambua kopa kabla akili haijaulizwa. Lakini kiatu cha farasi, na kitanzi cha kamba, na buti, na risasi, hayo hayatambuliwi hivyo. Yanasomwa, na kusoma kunataka muda. Mchezaji mwenye kusita ili ajue kama alichonacho ni kitanzi au kiatu amekwisha kumwonyesha mwenzake kwamba ana jambo mkononi.

Juu ya ile rangi ya chai nitasema neno moja, kwa kuwa inanikera. Tunadhani kwamba Magharibi ya zamani ilikuwa na rangi ya kahawia kwa sababu picha zake zilizotufikia zimekuwa za kahawia. Lakini karata mpya iliyofunguliwa mezani katika mji wa Deadwood mwaka 1876 ilikuwa nyeupe. Watu wale hawakujua kwamba wanaishi zamani. Kuipaka karata uchakavu ni kuchora umri wetu sisi, si maisha yao. Na zaidi ya hayo, wekundu juu ya kahawia hufifia, hata usiku penye taa hafifu kopa na shupaza hukaribia kufanana.

Mji huo wa Deadwood una kisa chake, na ni nadra jozi ya namna hii kukikosa. Tarehe 2 Agosti 1876 James Butler Hickok, aliyejulikana kwa jina la Wild Bill, alipigwa risasi kwa nyuma akicheza poka. Mapokeo husema kwamba mkononi alikuwa na ree mbili nyeusi na nane mbili nyeusi, na wachoraji hupenda kuzitia karata hizo nne matone ya damu au tundu la risasi. Ni mapokeo tu. Nayo damu katika karata ya nane ni kama mtu anayecheka kabla hajamaliza kusimulia kichekesho chake. Kuna ukweli mdogo ulio mzuri zaidi, na sijui kwa nini hautumiwi mara nyingi: katika nyumba nyingi za kamari za nchi ile mchezo uliopendwa sana haukuwa poka bali faro, na alama ya faro ilikuwa chui mkubwa mwenye milia, yule wa Bara Hindi, mnyama asiyekanyaga kamwe nyika za Marekani. Mchezaji aliyekwenda kucheza faro alisemwa kuwa amekwenda kupambana na mnyama huyo. Mchoraji aliyesoma kidogo angemweka mgongoni mwa karata zake, na mtazamaji angestaajabu, akauliza, akajifunza.

Lakini mgongo nao una sheria yake. Mgongo wa karata sharti uwe sawasawa, ukiugeuza juu chini usijulikane. Ukimchora mchunga ng'ombe mmoja amepanda farasi, kichwa juu na kwato chini, umempa mwizi zawadi: huzipanga karata zote kichwa juu, kisha huigeuza moja aitakayo, na tangu hapo huiona popote ilipo. Hili ndilo kosa la wanaoanza, na pengine ndilo kubwa, maana linaua mchezo wenyewe.

Sasa tuje kwenye picha kumi na mbili, kwa kuwa humo ndimo ugumu wote ulimo.

Ugumu wa kwanza ni wa mwili. Karata za picha tulizozizoea zina vichwa viwili, kimoja juu na kimoja chini, vimeungana kiunoni. Hilo lilifanywa kwa busara: zamani, picha ilipokuwa nzima, mchezaji aliyepata mfalme aliyeinama kichwa chini alimgeuza amsimamishe, na mpinzani mwenye macho alijua papo hapo kwamba picha imeingia mkononi mwake. Vichwa viwili vimeondoa siri hiyo kufichuka. Mfalme hapotezi neno. Mfalme ni taji na ndevu, na vyote viko juu ya kiuno. Lakini mchunga ng'ombe ukimkata kiunoni umemwondolea farasi, na bila farasi yeye ni mtu mwenye kofia. Nimezitazama jozi nyingi za namna hii, na wafalme wake hunijia akilini kama safu ya watu walioegemea kaunta, kila mmoja amevaa kofia pana kuliko mwenzake. Nyika haimo. Vumbi halimo. Ng'ombe hamna.

Ugumu wa pili ni wa cheo, nao ni mzito zaidi. Karata ina ngazi: mfalme, malkia, ghulamu. Ukimweka mtu katika ngazi hiyo umetoa hukumu, utake usitake. Wafaransa walilijua hilo. Walipoipindua enzi ya mfalme, mwaka 1793, walitoa karata zisizo na wafalme wala malkia wala maghulamu, wakatia mahali pao sanamu za akili, uhuru na usawa. Watu wakazicheza kwa muda, kisha wakarudia taji zao. Wamarekani nao walijaribu. Mwanzoni mwa karne ya 19 mpiga chapa wa Philadelphia, J. Y. Humphreys, alitoa jozi ambayo wafalme wake walikuwa marais, George Washington na Thomas Jefferson na Andrew Jackson wakiwamo. Malkia walikuwa miungu wa kike wa kale. Na maghulamu walikuwa viongozi wa wenyeji wa asili wa nchi ile. Itazame vizuri hukumu hiyo. Mtu aliyekuwa kiongozi wa taifa lake, aliyepigana na kufanya mapatano kwa niaba ya watu wake, katika karata amekuwa kijana wa kutumwa, anayeliwa na kila mfalme na kila malkia atakayetupwa juu yake. Na Jackson, mmoja wa wale wafalme, ndiye aliyetia sahihi mwaka 1830 sheria ya kuwahamisha wenyeji kutoka mashariki ya mto Mississippi na kuwapeleka ng'ambo yake. Jozi ile ilichapwa kwa ustadi. Ninaihesabu kuwa nzuri kwa mkono na mbaya kwa moyo.

Huenda ukaniambia kwamba huu ni mchezo tu, na mtu anayecheza hafikirii marais. Ni kweli, hafikirii. Lakini kitu kinachopita mkononi mara elfu bila kufikiriwa hukaa ndani ya mtu kuliko kile alichokifikiri mara moja. Sisi wenyewe tunao ushahidi katika lugha yetu. Kamusi za zamani zimehifadhi kwamba watu wa pwani waliziita karata za picha "wazungu": mzungu wa pili ni malkia, mzungu wa tatu ni ghulamu, mzungu wa nne ni mfalme. Waliona sura zile, wakazipa jina la wale waliofanana nazo. Basi ukichora jozi ya Magharibi kama sinema zilivyotuzoeza, picha zako kumi na mbili zitakuwa wazungu kwa maana zote mbili, nawe utakuwa umesema uongo. Wachunga ng'ombe wengi wa Texas walikuwa Weusi na Wameksiko. Hata kofia na kamba na tandiko zilitoka kwa Wameksiko. Bass Reeves, aliyezaliwa mtumwa mwaka 1838, alikuwa askari wa serikali katika nchi ya wenyeji tangu 1875, akawakamata wahalifu kwa miaka 32. Mary Fields, naye aliyezaliwa utumwani, alipata mwaka 1895 kazi ya kupeleka barua kwa gari la farasi katika Montana, akiwa na umri uliozidi miaka 60. Nani anastahili kuwa mfalme wa shupaza na malkia wa pau kuliko hao?

Hata hivyo naomba usisimame hapo. Kubadili sura na kuacha kila kitu kama kilivyokuwa ni kubadili nguo tu. Mfalme aliyevaa kofia pana bado ni mfalme wa Ulaya aliyekwenda matembezini. Swali langu ni jingine. Je, Magharibi ile haikuwa na karata zake?

Ilikuwa nazo. Huko Santa Fe, mji uliokuwa wa Meksiko mpaka Wamarekani walipoutwaa mwaka 1846, palikuwa na mwanamke aitwaye María Gertrudis Barceló, mwenye nyumba ya kamari iliyotembelewa na wafanyabiashara na maofisa. Alikufa mwaka 1852 akiwa tajiri. Mchezo wake ulikuwa monte, na monte huchezwa kwa karata za Kihispania, 40 kwa hesabu. Kila aina ina moja hadi saba, kisha picha tatu: kijana aendaye kwa miguu, mpanda farasi, na mfalme. Malkia hayumo. Mwanamke yule aliketi kila usiku mbele ya meza ambayo karata zake hazikuwa na mwanamke hata mmoja, naye ndiye aliyekuwa mwenye meza.

Tazama tena ile picha ya pili. Mpanda farasi! Yule tuliyemkata kiunoni, tukahangaika namna ya kumrudishia mnyama wake, alikuwa tayari katika karata, mzima, kwato chini na kichwa juu, tangu karne nyingi kabla ya wachunga ng'ombe wa Texas. Wala wachoraji wa Kihispania hawakuhitaji namba kubwa za kuharibu pembe. Waliuzungushia uso wa karata mstari, wakaukata mstari huo juu na chini ili aina ijulikane: dhahabu haukatwi, kikombe hukatwa mara moja, upanga mara mbili, rungu mara tatu. Mchezaji huona ncha ya karata tu, naye amekwisha kujua. Sijapata kuona katika ufundi huu wazo lililo safi kuliko hilo.

Na aina hizo nne, msomaji, wewe unazijua. Unazitaja kila uchezapo karata. Wareno waliokaa katika pwani yetu, wakajenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593, waliacha maneno yao mezani: kopa ni kikombe, uru ni dhahabu, pau ni rungu, shupaza ni upanga, na turufu, na neno karata lenyewe, ni yao pia. Kisha zikaja karata za Kifaransa na Kiingereza zenye maumbo mengine, sisi tukayabakiza majina ya kale. Tunatazama moyo mwekundu tukauita kikombe. Mtoto wa Lamu, akionyeshwa karata za monte za Santa Fe, angekuta kwa mara ya kwanza kwamba picha inalingana na neno lake.

Nimeiweka mwisho jozi ninayoiona bora kuliko zote za Magharibi, nayo haikutoka kwa mpiga chapa yeyote. Waapache, wenyeji wa nchi ambayo leo ni Arizona na New Mexico, walijifunza karata kwa Wahispania na Wameksiko. Kisha, kwa kuwa karatasi ilikuwa adimu, wakazikata karata zao katika ngozi mbichi ya mnyama na kuzipaka rangi kwa mkono. Jozi kadhaa za karne ya 19 zimehifadhiwa katika makumbusho ya Marekani, Smithsonian ikiwa mojawapo. Ni 40, kama za monte. Vikombe vimo, na sarafu, na panga, na marungu, na yule mpanda farasi. Lakini mkono uliozichora haukunakili kwa utumwa. Sarafu ya dhahabu katika baadhi yake imekuwa duara lenye miali kama ua. Mfalme amepungukiwa na mapambo ya kifalme, akabaki mtu aliyesimama imara kwa mistari michache. Mchoraji alichukua kilichofaa kwa mchezo, akaacha kilichokuwa fahari ya wengine. Hakuna bastola humo, wala kofia pana. Hata hivyo, ukiziweka mezani pamoja na jozi mia zenye kofia na bastola, ni hizo tu zilizoshikwa na watu wa nchi ile, katika siku zile, ili wachezee.

Sitazisifu bila kiasi. Ngozi ina madoa na makunyanzi, na hapana ngozi mbili zinazofanana. Nadhani mchezaji aliyeishi na jozi moja mwaka mzima aliweza kuitambua mfalme wa uru kwa mgongo wake kama ninavyowatambua jirani zangu kwa mwendo. Tena picha zake nzima zina ile hila ya zamani ya kujigeuza zikisimamishwa. Mpiga chapa wa leo angezitoa kasoro hizo kwa siku moja. Lakini ile nguvu ya mistari yake hawezi kuitia kwa siku moja mtu ambaye yote aijuayo Magharibi ameipata katika giza la sinema.

Karatasi zako 52 bado ziko mbele yako. Kwa desturi hii utahitaji 40. Zile 12 zilizobaki ziweke kando uharibu wino juu yake kadiri upendavyo. Ukiniuliza uanze na ipi, nitasema anza na mpanda farasi wa kopa. Ndiye mgumu kuliko wote, maana mkono mmoja una kikombe ambacho hakipaswi kumwagika, na mkono wa pili una hatamu.